Salamu za Anatol Nilizitunga Mwenyewe

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisikilize kabla hujanihukumu. Naongoza kwaya katika kanisa dogo la Kibaptisti kijijini kwetu, karibu na mji wa Soroca, na mume wangu Anatol alikwenda Italia kufanya kazi ya ujenzi, akapata mwanamke huko, akaniambia kwa simu kwamba harudi, na sasa ni mwaka wa tatu, lakini kila mara mchungaji akiuliza habari zake nasimama nasema, "Anawasalimu nyote," na kanisa zima linaitikia, "Amina."

Mwezi uliopita Bibi Parascovia alisimama akaomba tumwombee mwanawe aliyefungwa kwa wizi, na baada ya ibada akina mama wakamkwepa, nami nikajifanya napanga vitabu vya nyimbo ili nisimpe mkono. Wiki hiyohiyo nikashikwa na homa, na aliyekuja ni yeye, na sufuria ya supu ya kuku, akaniwashia jiko, akanilisha kwa kijiko, mpaka nikashindwa kujizuia nikamwambia yote. Akanipangusa mdomo akasema, "Nilijua, mwanangu. Anatol hata alipokuwa hapa hakuwa mtu wa kusalimia."

Tukacheka, kisha nikalia. Sasa ananihimiza niyaseme kanisani. Kwaya nitaiongozaje tena? Au nihamie kanisa la mjini, ambako hakuna anayenijua?

Fevronia

Fevronia mwanangu,

Pole. Kuachwa, halafu kutabasamu mbele za watu miaka mitatu, si mchezo. Lakini acha nikugombeze kidogo. Umeimba habari za neema miaka yote hiyo ukidhani ni ya wengine. Kristo hakuwafia waliokamilika. Ukihamia mjini, watakuuliza mumeo yuko wapi, nawe utaanza kutunga upya.

Kukuacha ni dhambi ya Anatol, usiibebe. Yako ni kumnyima mkono mama aliyethubutu kusema kweli. Alibaki peke yake katikati ya watu wanaojiita ndugu zake, na bado akakupikia. Injili uliyokuwa ukiiimba ilikuja kwako na sufuria.

Jumapili kaa naye benchi moja. Ukiulizwa, simama, sema kwa maneno machache, bila kumchambua mumeo. Watakaonong'ona wapo. Wapo pia wenye siri zao, wanaongoja mmoja atangulie. Wakikuondoa kwenye kwaya, imba ukiwa umeketi na wengine.

Halafu muulize Bibi Parascovia siku ya kuwatembelea wafungwa ni lini. Ukate tiketi mbili za basi, mwende pamoja.

Wako,
Agafia