Simu Yako Imeenda Kondoa

Baba Batuli,

Maharage yameiva, yako kwenye sufuria yenye mfuniko wa bluu. Wafungulie kuku. Batuli asitoke bila sweta, upepo wa leo si wa mchezo.

Usihangaike kupekua chini ya mto, simu yako ninayo mimi. Nimeichukua ulipoingia kuoga. Alfajiri nilikuomba vizuri, ukanijibu, "Simu si sindano." Iliniuma.

Mwaka jana kule Kondoa chanjo ya surua ilituishia manesi, watoto wakiwa bado mstarini. Kijiji cha jirani walibakiwa na boksi zima, sisi tukaja kujua baada ya siku tatu! Shaaban wa dada yako alikuwa kwenye mstari ule. Akaugua surua, leo anaona kwa jicho moja. Safari hii kila timu ya chanjo ina simu, isipokuwa yetu. Jioni wanatumiana ujumbe: wamechanjwa wangapi, dozi zimebaki ngapi, kesho gari lipeleke wapi.

Wateja wako wa alizeti wakipiga, nitawaambia bosi yuko ghalani. Si unapenda kuitwa bosi?

Nitarudi ~~Ijumaa~~ Jumamosi, nisikudanganye.

Huko mtandao unashika kilimani tu. Nitapanda kila siku saa kumi na moja jioni kutuma hesabu ya watoto. Ukinikumbuka, saa hiyo hiyo nenda kibanda cha simu pale Majengo, upige namba yako mwenyewe. Nitapokea.

Mwizi wako,
Mama Batuli