Gugu Karoti Kwenye Magunia

Jumatatu, 3 Machi
Kijiji cha Raila tena, hapa Kibera. Nukta tisa kabla ya chai. Mimi napiga hodi na kutafuta gugu, Achieng anapiga picha, simu inaweka nukta kwenye ramani. Achieng ni fundi wa nguo na hana subira na watu wanaochelewa kufungua mlango. Tunaelewana.

Tunalotafuta ni gugu karoti. Majani kama ya karoti, maua meupe madogo. Linawasha ngozi na kudumaza mboga zilizo karibu. Kikundi chetu cha mtaani kinataka ramani nzima kabla ya mvua za masika. Zikianza, mbegu zote zitaota kwa pamoja na tutakuwa tumechelewa.

Mchana nikatembea hadi kona yangu, kituo cha Kawangware 46, kuuza miche yangu ya mboga. Miguu imekwisha.

Jumatano, 5 Machi
Sarang'ombe, kijijini kwangu. Mama Brayo, mteja wangu wa miaka mingi, mikono imemvimba hadi viwikoni. Amepaka kila kitu, hata mafuta ya kupikia. Kwenye gunia lake la udongo alilopandia sukuma wiki, katikati kabisa, gugu karoti limenawiri kuliko sukuma yenyewe. Analimwagilia maji! Nikamuuliza kwa nini hajaling'oa. Akanishangaa.

"Si ni karoti, Mama Nekesa? Nangoja ikomae nivune."

Nikaling'oa mwenyewe. Nilikasirika na sijui nilimkasirikia nani. Mikono ile ndiyo ya kufulia watu nguo. Sasa hawezi hata kushika sabuni.

Alhamisi, 6 Machi
Kuna kitu hakikai sawa. Tulitarajia nukta zifuate mto na reli. Hazifuati. Ziko milangoni, kwenye magunia ya mboga. Nyumba moja inalo, majirani watatu hawana. Achieng anasema ni ndege. Ndege gani huyo anayechagua wenye magunia?

Jumapili, 9 Machi
Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia migongo ya kina mama walioketi mbele yangu. Huyu ana nukta. Yule ana nukta. Yule pale pia.

Wote ni wateja wangu.

Jumanne, 11 Machi
Ni mimi.

Nimeandika hivyo nikaweka kalamu chini kwanza.

Asubuhi nilifika mapema kwenye kona yangu Kawangware, nikachutama nyuma ya trei za miche, kwenye rundo la samadi. Magugu karoti machanga yamejaa ubavuni mwa rundo. Siku zote nayapita nikikimbilia wateja. Samadi ni ya ng'ombe wa Mzee Kamau, mwenye ploti. Tangu ukame anawalisha nyasi kavu za lori kutoka mbali. Mbegu zimekuja na nyasi, zikaingia kwenye samadi, na samadi mimi ndiye ninayeigawa. Kiganja kimoja kwa kila anayenunua miche. Nyongeza. Ndiyo maana watu wanatoka Kibera, wanawapita wauzaji wengine wote hadi kwangu. Nilijisifia sana hiyo nyongeza.

Halafu kikaota kitu chenye majani ya karoti. Wakadhani nimewatilia na mche wa bure. Nani angeng'oa zawadi?

Mama Brayo nilikuwa nampa viganja viwili, kwa sababu nampenda.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia Achieng. Akasema, "Hiyo nukta moja wacha tu. Nani atajua?" Ananitakia mema. Kona ile ndiyo inamsomesha Nekesa wangu. Lakini ramani bila nukta ile ni uongo. Tutang'oa magugu kwenye magunia yote, na baada ya miezi miwili yataota tena kutoka rundo lile lile.

Nikaenda kwa Mzee Kamau mwenyewe, asije akasikia kwa watu wengine. Nilimweleza polepole. Nikamkumbusha wateja wake wa maziwa wanaolalamika kwamba ni machungu. Ng'ombe akila gugu hili, maziwa huwa hivyo. Nilidhani angefurahi kupata sababu. Nilikosea.

"Unataka kuniharibia jina? Hicho kikundi chenu mkae nacho huko Kibera."

Nukta ikionekana kwenye ramani, akasema, niondoke na trei zangu.

Naogopa. Sitajidanganya humu ndani.

Jumamosi, 15 Machi
Mkutano wa kikundi. Nilisimama. Niliweka nukta mwenyewe mbele ya watu wote: kona yangu, samadi yangu, jina langu. Mzee Kamau sikumtaja. Haikusaidia, kila mtu anajua kona iko kwenye ploti ya nani.

Mama mmoja alicheka vibaya. Baadaye nikamfuata Mama Brayo, nikamwambia uvimbe wa mikono yake ni kazi yangu. Akaniangalia, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Jioni ujumbe kutoka kwa Mzee Kamau. Neno moja. Hama.

Jumatano, 19 Machi
Nimehama. Trei ziko mlangoni kwangu Sarang'ombe, chini ya mabati ya jirani. Hakuna jua. Miche inarefuka na kulegea. Miche yote ya managu imekufa. Nimelia kidogo, kisha nikapika.

Kutwa tunang'oa. Glavu, mfuko, funga, nyumba inayofuata. Samadi ya juu tunaichota pia. Sina orodha ya wateja, nawakumbuka kwa sura. Mama mmoja kule Raila alinifungia mlango usoni. Juzi nilirudi. Jana nilirudi. Leo amefungua, nadhani kwa kuchoka kuniona.

Jumatatu, 24 Machi
Mama Brayo alitokea njiani, mikono imefungwa vitambaa. Hakunisalimia. Alituongoza hadi nyumba mbili nilizokuwa nimezisahau kabisa, akasimama pale hadi tukamaliza. Uvimbe umepungua. Sikuthubutu kumuuliza kama amenisamehe.

Ijumaa, 28 Machi
Mawingu mazito. Magunia yote yamesafishwa. Kwenye ramani nukta zimekuwa za kijani, zote ila moja. Rundo la Kawangware. Magugu yale sasa lazima yawe karibu kutoa maua. Mimi si mpangaji tena, sina haki ya kuingia pale. Achieng anasema nimefanya ya kutosha.

Bado. Kesho naenda.

Jumamosi, 29 Machi
Niligonga geti saa mbili asubuhi. Mzee Kamau akafungua nusu. Nikamwambia sikuja kuomba kona, nimekuja kung'oa. Aliangalia glavu zangu, akaangalia mawingu, akafungua geti lote.

Nilianzia ukutani. Yeye akaingia nyumbani. Nikajua ndiyo imetoka hiyo. Baada ya muda akatoka amevaa glavu na viatu vya mpira, akaanza upande wa pili. Tulikutana katikati karibu saa sita.

"Maziwa bado ni machungu," akasema, kama anawaambia ng'ombe.

Nikafungua bunda moja la nyasi zake, nikachomoa gugu kavu, nikampa. Alilishika muda mrefu. Kisha akaanza kubeba mabunda yale yote moja moja kuyatoa zizini, na ni mtu mzima, mgongo wake si mzuri. Nikamsaidia.

Hakusema nirudi. Sikuuliza. Nilinawa bombani kwake nikaondoka.

Achieng ameigeuza nukta ya mwisho kuwa ya kijani. Mvua imeanza kunyesha sasa hivi, kubwa, naisikia mabatini. Trei nimeziingiza ndani, zimejaa hadi miguuni pa kitanda, Nekesa analalamika hana pa kukanyaga. Jumatatu nitatafuta mahali penye jua.