Bunduki Iliyokokiwa Chumbani mwa Eda

Mjomba,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kabla ya salamu: bunduki yako ya upepo haina kutu. Tabia yako naijua. Mtu akitoka Fumba kakuletea habari za nduguzo, wewe unamuuliza kama cherahani yake bado inaruka nyuzi. Basi kutu haina. Ngozi ya pistoni laini kama sikio la mbuzi. Mtutu nimeupitisha kitambaa mara tatu, mara ya tatu kimetoka cheupe.

Lakini kufika hapo nimepita siku sita ambazo simwombei hata adui yangu. Wewe ndiye mtu niliyetaka asijue kabisa, na sasa ndiye wa pekee ninayeweza kumwambia yote. Mwandiko usinicheke. Darasa la nne niliacha kwa hiari yangu. Ulikuwa ukisema mbele za watu kwamba nilifukuzwa, na leo huwezi kunibishia.

Alkhamisi ile tulikuwa juu ya paa, kunguru wameingia kwenye samaki wa Bi Zuwena aliowaanika. Ulipiga mara tatu, mara tatu ukakosa, ukasingizia upepo. Upepo gani, Mjomba, na kanga kwenye kamba hazikutikisika. Nilikucheka mpaka ukanitupia kandambili. Ikaadhiniwa Alasiri, ukashuka kutia udhu. Pale kwenye ngazi ukageuka ukaniambia, "Futa, tundika, usikoki." Maneno matatu tu. Mtoto wa chuo cha Kurani angeyashika.

Nikakoki.

Na kabla ya hapo kuna jingine hulijui. Lile jino la kifyatuo, linaloishika springi isiruke, nilikuwa nshalitia tupa. Siku uliyokwenda Malindi kununua sindano za vyerahani, nililisugua kwa tupa yako ndogo, ile uliyoniambia nisiiguse. Wewe ulilitaka zito, mtu avute kidole mpaka apate nia. Mimi nikaona huo ni uzee. Nililisugua hadi likawa jepesi, ukipumua karibu nalo tu risasi imetoka. Ulipokosa wale kunguru watatu, lile jino lilikuwa likiachia kabla hujawa tayari. Haukuwa upepo, wala hayakuwa macho yako. Nilikuwa mimi, na nilikuwa nakucheka.

Basi nikaivunja mtutu kwa kuukunja chini, nikaikoki, nikatia risasi, nikamlenga kunguru aliyekaa ukutani akinitazama kwa dharau. Ndipo nikasikia kishindo chini, halafu Bi Zuwena akiita jina lako. Mjomba, tangu nizaliwe sijamsikia mkeo akikutaja jina. "Bwana," "yeye," "huyo mwenyewe," ndiyo niliyoyazoea. Nikajua kabla sijafika chini.

Nilishuka na bunduki mkononi. Nikapita chumbani kwenu, mkono wenyewe ukaitundika kwenye vigingi vyake juu ya sanduku, kama kila siku. Nikatokea uani, nikakukuta umelala ubavu, ndoo inamwagika. Tulikubeba mimi na mpishi wa jirani. Mwepesi ulikuwa, sikutegemea. Maghribi hukuifikia.

Ijumaa tukakuzika kwenu Fumba, na mimi nilishuka kaburini kukupokea. Nisijisifu? Ntajisifu. Niliyaweka mabega yako kwa mikono yangu, sikutetemeka, na wanaume wazima wawili walikuwa wakitetemeka. Nilirudi mjini kifua mbele. Nikamwambia mama asinitume tena dukani mbele za watu. Nikawaambia wenzangu wa Jang'ombe kwamba nshabaleghe, nyembe zako ntarithi mimi. Nikaja hapa nyumbani kwako Mkunazini, Bi Mgeni, dada mkubwa wa Bi Zuwena, akaniambia, "Haji, hebu ingia chumbani unitolee ule mto." Nami nikasimama kama kadhi, nikamjibu kwamba mwanamume haingii chumba cha mwenye eda.

Bi Mgeni akanitazama juu mpaka chini. Unamjua yule, ulimi wake ungekata bati. Akasema, "Haya bwana mkubwa. Nshakusikia. Toka leo huvuki kizingiti hiki mpaka miezi minne na siku kumi iishe." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, akaniambia mkeo ameshasema eda ikiisha bunduki ni yangu, kwa kuwa sasa nimekuwa mtu mzima na kifaa nakijua. Nilipaa, Mjomba. Nilikwenda mpaka nyumbani bila kukanyaga chini.

Jumapili ndiyo khitma. Tumekaa barazani, juzuu ziko mikononi, mimi nasoma. Upepo ukapiga dirisha la ghorofani, likajifunga, pa! Na mimi nikakumbuka.

Nilirudi nyuma dakika kwa dakika, mkono wangu ukivunja mtutu, ukikoki, ukitia risasi, na popote nilipotafuta sikuiona mahali nilipoitoa. Bunduki ile iliyokokiwa na isiyokokiwa zinafanana kama mayai, wewe mwenyewe ulinionesha. Haina alama. Imening'inia pale, springi imejikunja tumboni mwake, jino linaishikilia kwa ncha niliyoisugua mimi. Na mtutu unaelekea wapi? Dirishani, kwenye mkeka anapokaa Bi Zuwena mchana kutwa na tasbihi yake. Na mkanda wa ngozi unaning'inia, na mjukuu wako Riziki, mwenye miaka minne na akili ya kima, hupanda juu ya sanduku akaushika akabembea.

Ungesema, si useme tu, mpumbavu wewe. Ningesema nini? Kwamba Haji mtu mzima, anayekijua kifaa, kaiacha imekokiwa juu ya kichwa cha mjane? Bunduki ingetupwa baharini siku ile ile. Nikajidanganya. Nikajiambia imekaa siku tatu, itakaa. Nikajiambia usiku mtoto hulala. Jumatatu alfajiri nilikuwa nshakaa ngazini nje ya chumba, nasingizia nimekuja kuchota maji.

Sijapata kusikiliza nyumba namna ile. Sanduku likilia, nakunja mabega. Riziki akicheka, nasimama. Mlango wa jirani ukifungwa kwa nguvu, natega sikio nisikie kama wote bado wanaongea. Nikabisha hodi, nikamwambia Bi Mgeni bunduki inahitaji mafuta, itashika kutu. "Miezi minne tu?" akasema. "Nitaipaka samli." Nikamwambia samli haifai. "Basi mafuta ya karafuu, nimesikia wewe ndiye fundi wake." Kumbe ulimhadithia. Ile siku niliyomimina mafuta ya karafuu ndani, ikalipuka moshi, mtaa mzima ukanuka jino bovu. Ulinipiga kofi, kisha ukacheka peke yako mpaka Isha.

Jumanne nikarudi na uongo mwingine, kwamba vigingi vimelegea. Bi Mgeni akavitikisa kwa mkono wake, nikiwa nje ya mlango, nasikia mkanda ukigonga ukuta, ta, ta, ta. "Vizima," akasema. Nilikaa chini pale pale ngazini.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikikusikia, "Springi ni kama punda, Haji, ukimwacha na mzigo kutwa kucha, asubuhi hana mgongo." Nilijua nnaiua springi yako kila saa inayopita. Lakini kulegea kwake kungekuwa rehema. Nilichoogopa ni ncha ya jino.

Jumatano asubuhi nikaja tena na habari za kutu. Bi Mgeni akachoka. "Umenitia wazimu, mtoto wewe. Naitungua mwenyewe, nakuletea hapo ngazini, ukalale nayo." Nikasikia kigoda kikiburutwa. Nikasikia akipanda, akipumua. Na nikamsikia Bi Zuwena, kwa upole wake, "Riziki, njoo huku kwangu dirishani, usimsumbue bibi."

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Forodhani. "Usiishike! Imekokiwa! Bi Zuwena, ondokeni dirishani!"

Kisha nikasikia miguu ya Bi Mgeni ikishuka kwenye kigoda, mmoja, halafu wa pili. Akaja mlangoni. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Nani kaikoki?"

Mjomba, nakwambia kweli kwa kuwa huwezi kunipiga. Jina lako lilinijia mdomoni. Marehemu hajitetei. Ungekuwa ni wewe uliyeisahau, basi, Mungu akurehemu, uzee, na mimi ndiye shujaa niliyekumbuka. Nilifungua mdomo kabisa. Na kwa mlango ulioachwa wazi nikaona ncha ya kilemba chako, bado kiko juu ya kitanda, hakuna aliyekiondoa.

"Mimi," nikasema. "Na jino nimelitia tupa mimi. Msiguse kitu."

"Basi ingia uitoe."

Nikasimama. Sijui kwa nini, nikatazama kizingiti. Bi Mgeni akakumbuka kabla yangu.

"Ah. Wewe si mwanamume? Mwanamume haingii. Sema nisikie, wewe ni nani?"

Ngazini walikuwa wamepanda wanawake wawili wa mtaani na sinia ya mkate wa kumimina, na mtoto mkubwa wa mmoja wao, yule Suleimani anayenishinda karata kwa wizi. Wote wamesimama wananitazama.

"Mtoto," nikasema.

"Sijasikia."

"Mimi mtoto, Bi Mgeni."

"Ingia, mwanangu," akasema, na safari hii hakunicheka.

Bi Zuwena alijifunika, akaingia na Riziki nyuma ya pazia la kitanda. Niliingia macho chini. Nikapanda kigodani. Mkono wa kushoto mtutuni, wa kulia chini ya kitako, kidole mbali na kifyatuo, nikaiinua kutoka vigingini kama mtu anayemnyanyua mgonjwa. Jasho linaingia machoni, sifuti. Nikashuka. Nikauelekeza mtutu kwenye pembe ya ukuta wa mawe, pasipo mtu. Nikauvunja taratibu, nikijua jino likiachia pale mtutu utaruka na vidole vyangu vinne. Nikakiona kile kidole chako kilichopindishwa na mtutu huu huu, nilichokuwa nakiita ndoana. Sikiiti tena hivyo.

Risasi nikaitoa kwa ukucha. Ikaanguka sakafuni, ndogo kama punje ya mtama. Nikaubana mtutu kwa nguvu zangu zote, nikaushusha mpaka mwisho, springi nzima ikaja mkononi mwangu, na kwa kidole cha mkono mwingine nikagusa kifyatuo. Nilikigusa tu. Ikataka kunipokonya. Nikaishika. Nikairudisha pole pole, pole pole, nikiisikia ikijinyoosha humo ndani, hadi ikatulia.

Nikakaa sakafuni nikalia kama Riziki. Andika hilo pia katika hesabu yako ya makosa yangu.

Nyuma ya pazia Bi Zuwena akaniuliza, "Haji, mlipokuwa juu, alisema nini mwisho?"

Nilidhani ataniuliza habari za bunduki. Ningeweza kumtungia maneno mazuri, wajua natunga. Nikamwambia yalivyo: futa, tundika, usikoki. Halafu akacheka, Mjomba, kicheko kile cha puani, akasema, "Ndiye yeye huyo." Kisha kicheko kikageuka, Bi Mgeni akaniashiria nitoke.

Karakanani mwako, kati ya vyerahani, niliifungua kama ulivyonifundisha, kizibo cha nyuma kimebanwa kwenye jiliwa, lile koleo la mezani, kifua changu pembeni. Springi imepinda kiunoni na imepungua pingili nzima ya kidole. Ingali inasukuma, lakini haina hasira. Risasi inafika ukuta wa pili na kuanguka chini kama imechoka. Lile jino nililitazama kwenye jua. Ncha iliyobaki, Mjomba, ni kama ukucha wa mtoto mchanga. Sijui ilishika nini siku sita. Nimekata jino jipya kutoka kwenye tupa ile ile ndogo, niliivunja makusudi. Ni zito. Utavuta kidole mpaka upate nia.

Halafu nikaifunga springi katika kitambaa, nikampa Bi Mgeni mlangoni ampelekee Bi Zuwena aitie sandukuni mwake. Hakuna aliyenilazimisha. Bila springi bunduki ni fimbo nzuri tu, na fimbo ndiyo inayonifaa kwa sasa. Bi Mgeni aliishika kwa vidole viwili kama nyoka, akaniuliza, "Na eda ikiisha?" Nikamwambia ikiisha nitapiga hodi chini, nitapanda nikiitwa, na nitamwamkia mkaza mjomba wangu. Bunduki sitaitaja. Akinipa springi nitaiagizia nyingine mpya, ile ya zamani imestahili kupumzika. Akininyima nitamwambia ahsante, na nitanuna njia nzima mpaka Jang'ombe, hilo siwezi kukuficha.

Suleimani keshautangazia mtaa mzima. Nikipita wananiita "mimi mtoto." Nawaacha. Nimetafuta tusi la kuwajibu sikulipata, na wewe wajua mimi si mtu wa kukosa tusi.

Kesho Ijumaa naazima baiskeli nije Fumba. Nitakaa kichwani pako nikusomee Yasini, nami naahidi kuisoma yote, kurasa zote, sitaruka kama ninavyoruka nikijua hakuna anayesikiliza. Lala salama, Mjomba. Ukinisikia nakosea, nivumilie mpaka mwisho.

Mpwa wako,
Haji