Macho ya Panya, Macho Yetu

Kariakoo, 2 Machi 2024

Mwanangu Shahd,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila joto la mwaka huu linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa. Wewe je, unakula? Baridi ya huko Ujerumani imepungua? Na hao panya wako hawajambo? Nikimwambia mtu kwamba binti yangu analea panya maabara anacheka, maana sisi hapa Mtaa wa Narung'ombe tunawawekea sumu.

Habari njema kwanza. Muaz, mtoto wa Bi Sabaha wa duka la vyombo, kaleta posa ya mdogo wako Tasneem. Binti mwenyewe anajifanya hajui kitu, lakini kutwa yuko kwenye kioo. Harusi baada ya Idd kubwa, inshallah.

Nakuandikia kwenye simu kwa kidole cha mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika, umefungwa hogo. Juzi nilichelewa kufunga duka, Magharibi ishaadhiniwa, nikauvaa mkokoteni mzima mzima. Mwenye mkokoteni akalalamika, "Mama, nimekupigia kelele tangu kule!" Kelele nilizisikia, mkokoteni ndio sikuuona. Usijali, ni giza tu na umri. Hata bibi yako, mama yangu, alikuwa hivyo, jua likizama hatoki nje.

Mama yako

*

Ujerumani, 3 Machi 2024

Shikamoo mama,

Pole sana na mkono. Naomba usome hii ukiwa peke yako, si dukani.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yetu. Panya hawa tumewabadilisha sehemu moja ndogo ya jeni, ile ambayo baadhi ya watu huzaliwa nayo ikiwa na kasoro. Wanazaliwa wanaona. Kisha, nyuma ya jicho, chembe zinazopokea mwanga zinaanza kufa. Zinatangulia za kuonea gizani, halafu zinafuata za mchana. Ukimtazama panya huyo hujui kitu, anakula, anacheza. Punguza taa ndipo utamwona anagonga ukuta.

Mama, habari ya mkokoteni niliisoma mara tatu. Nijibu: nyota unaziona? Mtu akikujia kwa ubavuni unamwona, au anakushtua? Bibi aliacha kutoka jioni tangu lini? Kuna ugonjwa kama huu kwa watu, na mzazi aliye nao anaweza kumpa mtoto, nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Nenda hospitali tafadhali. Waambie wakuangalie nyuma ya jicho, wasikupimie miwani tu.

Mwanao

*

Kariakoo, 14 Aprili 2024

Shahd,

Idd Mubarak, ingawa imepita. Ramadhani nzima sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kuandika kwa hasira nikiwa nimefunga. Miaka yote nimekusomesha ili uje unifananishe na panya?

Nyota sijaziona tangu nikiwa msichana. Nilidhani ni taa za mjini. Haya, umeridhika?

Lakini jambo hili lisitoke. Bi Sabaha akisikia nyumba hii ina upofu wa kurithi, harusi hakuna. Atauliza wajukuu wake watakuwaje. Duka lake na langu yanatazamana, nikipiga chafya ananiombea afya kutoka ng'ambo ya barabara. Hospitali siendi.

Mama yako

*

Ujerumani, 15 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Nisamehe. Nilikuuliza wewe kwa sababu niliogopa kujiuliza mimi.

Chumba cha panya kinawashwa taa nyekundu hafifu. Wiki iliyopita nilikuwemo na Benedikta, mwenzangu wa Songea niliyekusimulia. Akaninyooshea sindano. "Shika."

"Iko wapi?"

Akacheka, akadhani natania. Nikapapasa hewani. Mama, ilikuwa mbele ya kifua changu. Akaacha kucheka. "Shahd, hii imeanza lini?"

Sijui imeanza lini. Nimetoa damu wapime, majibu yatachukua muda. Naenda kazini nikiwa nimeshika kuta. Nikiwatazama panya wale wadogo ambao bado wanaona, nageuza uso.

Naogopa, mama.

Mwanao

*

Ujerumani, 11 Mei 2024

Mama, mbona kimya? Simu hupokei. Tasneem ananiambia tu "mama mzima". Niandikie hata neno moja.

Mwanao

*

Kariakoo, 9 Juni 2024

Mwanangu Shahd,

Assalaam alaykum, na unisamehe. Barua yako ile ya sindano niliifungua dukani, mteja anapimiwa pazia. Nilimwachia kitambaa mkononi nikaingia stoo. Tangu siku hiyo nilikuwa naogopa, na sikujua mtu anaandikaje woga.

Nimekwenda hospitali na Tasneem. Daktari kanitia matone, kamulika, kisha akawaita wenzake waje watazame. Mtu akiita wenzake unajua. Amesema naona kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Nikamuuliza, "Litaziba?" Akasema, "Hatujui lini, mama." Hakusema halitaziba.

Nikaona siwezi kumficha mtu anayetaka damu yetu ichanganyike na yake. Nilivuka barabara nikamweleza Bi Sabaha mwenyewe, kila kitu. Alinishika mkono, akalia na mimi. Kesho yake akatuma mtu kuvunja uchumba.

Muaz alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia. "Tasneem, mimi sijasema hivyo."

"Basi kamwambie mama yako."

Akaondoka. Hajarudi. Nimemuuliza Tasneem kama atapima. "Nikishajua nitafanya nini, mama?" Wewe majibu yako je?

Mama yako

*

Ujerumani, 2 Julai 2024

Shikamoo mama,

Ninao.

Nilisoma mara moja nikafunga kompyuta. Ni kasoro ileile, mama, tunayowatia panya. Nimekuwa nikiandika jina lake kila siku ya kazi.

Wapo panya tuliowatia dawa ya jeni jicho moja tu. Jicho hilo bado linaona, la pili limekufa. Lakini hao ni panya. Kwa sisi bado, sitakudanganya. Benedikta ananisihi niendelee. Leo nilifika mlangoni pa kile chumba nikashindwa kuingia.

Nataka kuja nyumbani. Harusi ya Tasneem imeharibika kwa sababu yangu, sijui kama atataka kuniona.

Mwanao

*

Kariakoo, 3 Julai 2024

Mwanangu Shahd,

Nimesoma, nimelia, nimeswali. Sasa nisikilize.

Harusi hukuivunja wewe. Tasneem mwenyewe kasema nikuandikie hivyo, na yuko hapa ubavuni anahakikisha.

Jana jioni nilimwambia anitoe. Akanishika mkono mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja. Kila sauti ilikuwa inanirukia usoni, pikipiki, wachuuzi, watoto. Mtu akanigonga bega akafoka, "Mama, huoni?"

Nikamwambia, "Sioni, baba."

Akanipisha. Sijawahi kulitamka mbele ya mtu wa barabarani. Njiani kurudi Tasneem akasema, "Dada akija nitakwenda naye kupima." Sijui niombe ajue au asijue.

Njoo. Kuhusu hao panya tutazungumza ukiwa umekula na umelala. Tiketi chukua ya ndege inayofika mchana. Nataka nikutazame vizuri, na wewe unitazame.

Mama yako