Karibu ya Joensuu

Joensuu, Ufini
Jumapili, saa tisa alasiri, giza limeshaingia

Mdogo wangu mpendwa Eunike,

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia nzima, kuanzia Kilosa kwa wifi yako hadi hapo Mikumi kwako, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, kwamba mimi kaka yenu Stefano, mwalimu wa jiografia, baba wa watoto, mzee wa kanisa, nimenunua kofia. Ni ya sufu. Ina rangi ya waridi na kishada juu kinachoning'inia kama ndevu za hindi. Nimeipata duka la mitumba. Muuzaji aliniangalia, akaiangalia, akasema kwa upole kwamba hiyo ni ya wasichana. Nikamwambia masikio yangu hayajui hilo. Ukikutana na mwanafunzi wangu yeyote hapo stendi, tafadhali usimwonyeshe picha.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba sana. Mimi mzima, ila vidole vya miguu vimeanza kujitenga nami kidogo kidogo. Wewe hujambo? Mguu wa mama unaendeleaje tangu umchukue kwako, anaweka dawa ile au anaificha chini ya godoro kama kawaida yake? Shemeji yangu bado anabeba miwa Kidodi, au mvua zimeshamfungia kazi yuko nyumbani anakosoa mapishi yako, wewe mwalimu wa mapishi? Na tembo, bado wanavuka barabara kwa maringo huku mabasi yaliyojaa watu wazima yakisubiri? Nawaonea wivu. Hao wanajua kwao.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nitapiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie kwenye simu. Najua utasema si ungepiga tu. Nikipiga, wewe unaweka sauti ya nje, na sauti ya nje ikishawekwa, ndani yupo mama, wapo watoto wako, yupo na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mambo mengine hayasemeki mbele ya mtu aliyekuja kuomba chumvi. Kwa hiyo soma mwenyewe, na ukimsomea mama, ishia pale nitakapokuambia.

Ni kuhusu swali lako la Jumatano. Uliniambia na wewe umepata ile nafasi ya walimu, unakuja Januari kusoma miezi mitano, na kwamba fomu inataka uchague mji mmoja kati ya mitatu: Helsinki, Tampere au huku Joensuu, na mwisho ni Ijumaa hii. Ukasema, "Kaka, mimi naona nije hukohuko kwako. Si ulisema walikupokea kama ndugu yao?" Nikamsikia mama nyuma yako: "Ndiyo, aende kwa kaka yake, basi, limekwisha." Nami nikasema, "Njoo." Nililisema haraka mno, Eunike. Kama sauti yangu ilipanda juu kidogo, ule haukuwa mtandao.

Kwanza niache nicheke. Wewe, ambaye kuchagua khanga moja Kilosa sokoni kunamlaza muuzaji njaa, leo umechagua mji wa Ulaya kwa dakika moja, tena kwa ushauri wangu. Mimi ambaye wiki ya kwanza hapa nilipotea nikiwa na ramani mkononi. Ramani ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeishika kichwa chini.

Joensuu ni mji mzuri, hilo sikukudanganya. Ni mdogo, una mto mkubwa unaopita katikati, una stesheni ya treni na misitu pande zote. Mtu wa Kilosa akiutazama haraka haraka anaweza kudhani amefika nyumbani, tofauti ni kwamba mto wa huku haumfuati mtu ndani kwake masika. Watu wake ni wema. Niliangusha pochi kwenye basi, ikarudi na kila kitu. Lakini huo wema wanautoa kimyakimya, kama mtu anayeweka kitu mlangoni kwako akaondoka.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mzee wa makamo ya baba, kama angekuwepo. Siku ya kwanza nilimkuta kwenye ngazi. Ningempitaje?

"Habari za asubuhi, mzee wangu? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Akasimama. "Kuna tatizo?"

"Hapana, mzee."

"Maji yamevuja?"

"Hapana. Nakusalimia tu."

Akafikiri sana. "Sawa," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Siku hizi nikitoka nasikia mlango wake unafunguka kidogo, halafu unafungwa taratibu, mpaka niishe kwenye ngazi ndipo atoke. Nilihuzunika, nikamuuliza kijana mmoja tunayesoma naye. Akanicheka. "Mwalimu, anakuheshimu huyo. Hataki kukusumbua." Kumbe kwao heshima ni kumwachia mtu nafasi. Sisi tunamjazia.

Huyo kijana ananiita mwalimu kwa sababu nilimwomba. Wengine wote, watoto wa rika la mwanangu wa kwanza, wananiita Stefano, hivihivi, kama wananiita kucheza mpira. Hawana ubaya. Lakini tangu Agosti sijasikia shikamoo ya mdomo wa mtu aliye mbele yangu. Jumatano ulipopiga ukaniamkia, nikasema, "Haloo? Haloo? Sikusikii." Ukarudia. Nikasema tena, "Mtandao mbovu, umesemaje?" Ukarudia kwa kupaza sauti mpaka mama akauliza kuna nini. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Jioni narudi chumbani, navua kofia, koti, sweta, sweta lingine, na nikimaliza kuvua sina cha kufanya. Nimefundisha miaka yote hiyo habari za kaskazini kukosa jua, nimelizungusha chungwa mbele ya taa mpaka likanyauka, na sasa naungama kwamba nilikuwa nafundisha kitu nisichokiamini. Ni kweli kabisa. Jua linakuja, linachungulia, linaondoka kama mdaiwa. Wakati mwingine nazungumza na sufuria. Usiogope, haijaanza kujibu.

Sasa miji. Helsinki iache, vyumba havipatikani, na wewe ukiona watu wengi wanakimbilia upande mmoja unaanza kukimbia bila kuuliza kuna nini. Tampere ni mji wa viwanda vya zamani, mkubwa kuliko huu, na chuo chake kina jiko la kufundishia ambalo ukiliona utasahau una mume. Kisha hukohuko Tampere kuna mama mmoja Mtanzania, muuguzi, kwao Iringa. Sijawahi kumwona, tunasalimiana kwenye simu. Nilipomtajia habari zako alisema, "Mlete huyo mdogo wako. Jumamosi tunakutana akina mama, tunapika, tunasengenyana kwa Kiswahili. Chumba atakaa kwangu mpaka azoee." Hilo neno la kusengenyana lilinitoa machozi, mtu mzima mimi.

Na huku Joensuu nipo mimi. Hiyo ndiyo sifa yake yote kwako.

Wasalimie wote. Mama, mwambie mwanawe anakula na anavaa soksi mbili mbili. Shemeji yangu, dereva wa miwa, mwambie barabara za huku zinamwagiwa mchanga ili magari yasiteleze, naye atatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Wifi yako Debora nitamwandikia barua yake mwenyewe, lakini ukipita Kilosa mwangalie usoni uniambie amekonda au ananidanganya. Wanao waambie mjomba ameona theluji na haina ladha yoyote. Mchungaji mwambie naimba besi peke yangu.

Hapo ndipo unapoishia ukimsomea mama. Sasa wote wamesalimiwa, wametoka chumbani, tumebaki wawili.

Nilivyopokelewa, Eunike, haikuwa kama nilivyosema.

Nilipokuwa bado Kilosa, kabla ya kujaza fomu yangu, niliviandikia vyuo vya miji yote mitatu kuuliza mambo ya mtu mzima: kanisa liko mbali, unga unapatikana, baridi inaua au inatisha tu. Viwili vilinitumia vijitabu vya kusoma. Joensuu alinijibu mtu. Mama mmoja wa ofisi ya wageni, Marjatta, alijibu swali moja moja, hata la unga. Nikamwandikia asante, ndefu, unanijua. Akarudisha mstari mmoja kwa Kiingereza, kile kile tulichofundishwa na mwalimu mmoja mimi na wewe: Karibu, Stefano. Wakati wowote.

Nikampelekea Debora simu jikoni.

"Huyu mama amekukaribisha," akasema.

"Ndiyo."

"Tena wakati wowote."

"Ndiyo."

"Sasa utaendaje kwa wengine, na mtu ameshakukaribisha kwake? Atasema watu wa Kilosa tuna dharau."

Basi. Ndivyo mwalimu wa jiografia alivyochagua mji. Ramani sikuifungua. Debora alikwenda Tindiga mwenyewe kutafuta mchele mpya, ule unaonukia mpaka kwa jirani, akaufunga kwenye kitenge ili nimpelekee mwenyeji wangu. Nami nikamwandikia Marjatta siku na saa ya kufika kwangu. Akajibu, "Safari njema." Nikajua tumeelewana.

Niliposhuka stesheni nilisimama mahali pa wazi ili anione kwa urahisi, nikashika kitenge mbele ya kifua kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Abiria wakaisha. Nikajiambia amekwama njiani. Kila mwanamke aliyetokea nilimtabasamia, na wawili wakabadilisha upande wa kupita. Mwishowe akaja mtu wa usafi, akafagia mpaka miguuni pangu, akanizunguka, akaendelea. Nikaelewa kwamba hakuna anayekuja.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake na mchele.

"Una miadi?" akaniuliza.

"Mimi Stefano. Stefano wa Kilosa."

"Samahani. Wanafunzi ni wengi."

"Ulinikaribisha," nikasema. Nikamwonyesha simu.

Akasoma. Akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Lo," akasema polepole. "Hapa nilikuwa najibu asante yako."

Wenzetu wana karibu ya kumalizia maneno, kama sisi tunavyosema "haya". Haina mlango nyuma yake. Nilicheka mimi kwanza, kwa nguvu, ili yeye asione haya, na akashukuru kwa kucheka. Mchele hakuuchukua; kanuni za ofisi haziruhusu zawadi. Alinipa ramani ya mji.

Jioni hiyo nikaupika wote kwenye jiko tunalotumia pamoja, kwa sababu sikujua kupika wa mtu mmoja. Kila aliyeingia nilimwambia karibu. "Asante," wakasema, wakachukua maziwa yao kwenye friji, wakatoka. Nikala peke yangu kwenye meza ya watu wanane. Nikiwa bado natafuna, nikapiga simu nyumbani Kilosa, mlikokuwa mmekusanyika wote kusubiri habari. Mkaweka sauti ya nje. Debora akauliza, "Mwenyeji ameupenda mchele?" Nikasema amekula mpaka amelamba vidole. Mama akapiga kigelegele, nikashindwa kukirudisha nyuma.

Sikusema vile ili kukuvuta wewe. Wakati ule hukuwa hata umeomba hiyo nafasi. Lakini Jumatano uliposema unakuja huku kwa sababu walinipokea, nikaona nimekaa kimya, na kimya changu kinajaza fomu yako. Nimeandika barua hii na kuichana tangu siku hiyo. Kila nikianza kuandika "usije", mkono unaandika habari za kofia. Nimeshachagua kiti utakachokalia jikoni. Nimeshapanga nitakachokuuliza na utakachojibu. Ukija huku, mimi nitapona na wewe ndiye utaanza kuzungumza na sufuria, maana mimi nitamaliza kozi mwezi mmoja kabla yako.

Jaza Tampere.

Usiijaze kwa sababu mtu amekukaribisha. Yule mama wa Iringa nimemuuliza mara tatu kama karibu yake ni ya mlangoni au ya mdomoni, mpaka akakasirika. Ni ya mlangoni. Jaza kabla Ijumaa haijafika, wala usinipigie kuniuliza tena, nisije nikajibu kwa sauti ile ya Jumatano.

Halafu nitumie siku na saa. Kutoka hapa hadi Tampere ni safari ya nusu siku kwa treni. Nitapanda ya asubuhi. Utakaposhuka usihangaike kutafuta watu usoni: mtazame mwenye kofia ya wasichana. Nitakuwa nimefika kabla yako.

Ni mimi kaka yako,
Stefano