Kwenye Kodi Sina Mume

Jumatano, 23 Aprili 2025

Nimeenda ofisi ya kodi na Adrienne, binti yangu, anitafsirie lugha ya huku ugenini. Miaka yote ni mume wangu, Évariste, anayebonyeza simu yake, kisha yangu — basi, kodi imekwisha. Barua zote anasoma yeye. Sasa yuko hospitali, ini limeoza, na siku ya mwisho ya kodi ni tarehe mbili Mei. Nikasema nataka kujaza ya wote wawili, mume na mke.

Dada wa dirishani kasema hapa hakuna kodi ya mume na mke. Kila mtu na yake, hata muwe mmezeeka pamoja. Haya! Kisha akatazama mashine, akaongeza kwa upole kwamba, isitoshe, mimi sijaolewa.

Sijaolewa! Watoto watatu! Mbuzi wa mahari waliopelekwa kwa baba yangu kule Uvira, nani aliwala?

Adrienne anatazama sakafu. Njiani nimemuuliza kama alijua. "Jag vet inte, mamma." Hajui. Mbona basi hanitazami?

Jumapili, 27 Aprili

Baada ya ibada kule Tumba. Nimemkamata mchungaji Clovis karibu na masufuria ya wali. Ndiye aliyetufungisha ndoa, kwenye ukumbi uleule. Nikamuuliza ruhusa yake ya serikali ya kufungisha ndoa iko wapi. Kacheka kwanza.

"Mama Adrienne, miye niliwabariki mbele ya Mungu. Kwa serikali mulipashwa kwenda mwenyewe."

Kwetu kila mtu anajua: ndoa ya familia, ya serikali, ya kanisa. Nilidhani huku kanisa ndilo linalopeleka karatasi. Évariste aliniambia imepelekwa. Nimeona aibu mpaka wali umenishinda.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari: wiki chache.

Évariste amekubali tufunge ndoa hapohapo kitandani. Tumesaini ombi. Ofisi ileile ya kodi ndiyo inayochunguza kama kuna kizuizi. Aliiangalia karatasi muda mrefu kabla ya kusaini — maumivu, nadhani.

Nyumba ya Hjulsta iko kwa jina lake. Waichukue wanaoitaka! Mimi nataka niandikwe mjane wake. Sitaki kumzika kama jirani.

Alhamisi, 15 Mei

Jibu limekuja. Hapana. Kwenye daftari lao Évariste tayari ana mke: Madeleine, ndoa ya Bukavu.

Lakini Madeleine ni marehemu! Alikufa vitani kabla sijamjua Évariste. Watoto wangu wanamtaja kwenye sala. Ofisi inataka karatasi ya kifo. Nimemuuliza Évariste nani kule anaweza kuitafuta. Kafumba macho.

"Acha tu, Josiane. Nimechoka."

Siachi. Nimwache afe hivi?

Jumamosi, 17 Mei

Nimechukua namba ya mdogo wake, Janvier, kwenye simu ya Évariste. Nikapiga kutoka korido ya hospitali, nikamwambia: Shemeji, tunahitaji karatasi ya kifo cha Madeleine, haraka.

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Halafu akauliza ni nani kasema Madeleine amekufa. Yuko sokoni, anarudi jioni. Kila siku anauliza hali ya mume wake. Amwambie nani kapiga?

Nimekata.

Naandika vibaya. Niko chumbani sasa. Évariste ameamka, midomo imekauka. Nimempa maji — yanamwagika shingoni, nampangusa. Anauliza kama ofisi imekubali. Ameuliza tena. Ananitazama, anangoja jibu.