Nguruwe Niliyewapikia Wakwe Zako

Binti yangu Amondi,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, mitumbwi mitatu imeoza nikiiangalia, lakini mkono wangu wa kupika haujazeeka. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Igogo mvua imenyesha na kuku wametotoa.

Wakwe zako walikuja jana. Uliniambia ni watu wa kanisa, basi nikaenda Usagara kununua nguruwe. Nilikata steki nene, nikazipondaponda kwa mchi, nikazipaka papai bichi na ndimu, nikazikaanga moto mkali kidogo tu, kisha nikazifunika zipumue. Zilikatika kwa kijiko! Baba mkwe wako, Mzee Okech, alimaliza kipande, akasema, "Mkwe, ndama huyu laini kweli! Sisi Wasabato tunachagua sana nyama, lakini hii, niongeze."

Amondi, mbona hukuniambia ni Wasabato? Nguruwe kwao ni najisi. Ningenyamaza, siku ya mahari ingetajwa palepale. Nikasema, "Mkwe, weka chini. Huyo ni nguruwe."

Mama mkwe wako alitoka nje kusukutua. Waliondoka bila kutaja siku. Kwa upishi wangu siombi radhi, ila mpigie kijana wako leo, kabla mama yake hajamwambia nilikusudia.

Akibisha, amuulize baba yake mwenyewe. Alikuwa ameshainua kipande cha pili, na mimi ndiye niliyemshika mkono.

Baba yako,
Otuoma